Jicho Lenye Presha Nzuri Nalo Laweza Kupofuka

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa kutoka Meru na Embu)



Kamati imetuomba tuseme habari ya macho, hasa ule ugonjwa ambao kwetu huitwa presha ya macho, na madaktari huuita glakoma. Sisi si madaktari. Ni watu wa reli, na wengi wetu tulisoma shule ya misheni tukaishia darasa la mwisho la pale, kisha tukashika koleo na nyundo. Lakini tumekwenda kuwauliza waganga wa macho, tumesoma tulichoweza, na tumemwona mwenzetu mmoja akiondolewa njiani kwa sababu ya ugonjwa huu. Jambo tunaloleta leo ni moja. Mtu anaweza kupimwa presha ya jicho, akaambiwa ni nzuri kabisa, na bado glakoma ikawa inamla. Jina tulilolipa maradhi haya ndilo linalotudanganya.

Reli, kama mjuavyo, haijafika Embu wala Meru. Mtu wa Embu huteremka Sagana akapanda gari, na wa Meru huenda mpaka Nanyuki, njia ile iliyofufuliwa mwaka 2020 baada ya kulala miaka mingi. Kwa hiyo sisi tulio hapa tunafanya kazi mbali na nyumbani, na mambo mengi ya afya tunayaahirisha mpaka siku ya kwenda likizo. Likizo ikifika kuna karo, kuna mahari, kuna kahawa ya kuchuma, na macho yanangoja mwaka mwingine. Glakoma nayo haina haraka. Inangoja pamoja nasi, huku ikila kidogo kidogo.

Sasa tueleze jicho lenyewe. Ndani ya jicho mna maji safi. Si machozi, machozi yako nje. Maji haya hutengenezwa ndani ya jicho saa zote, hulisha sehemu za mbele, kisha hutoka kwa njia ndogo iliyo pembeni, pale weusi wa jicho unapokutana na weupe. Ni kama tangi la maji la steshoni: bomba moja linaingiza, jingine linatoa. Yakiingia na kutoka sawasawa, jicho linakaa na ugumu wake wa kawaida. Njia ya kutokea ikiziba kidogo, maji yanasukuma. Msukumo huo ndio presha ya jicho, nao hupimwa kwa milimita za zebaki. Watu wengi wazima wana kati ya 10 na 21.

Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo. Umefanywa kwa nyuzi nyembamba zipatazo milioni moja, zilizofungwa pamoja kama waya za simu. Katika glakoma nyuzi hizo hufa, chache leo, chache mwaka ujao. Mganga akitazama nyuma ya jicho kwa taa yake huona kichwa cha mshipa huo kimebonyea katikati kama kikombe, na kikombe kinazidi kupanuka. Uzi uliokufa haufufuki. Hakuna dawa, wala operesheni, wala miwani ya kuurudisha.

Angalieni basi kwamba ugonjwa wenyewe ni kufa kwa mshipa. Presha ni kitu kinachouumiza mshipa, na ndicho kikubwa tunachoweza kukipunguza, lakini si ugonjwa wenyewe. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Wanasema, "Presha yangu ni 16, basi sina presha ya macho." Kwa maneno ni kweli. Kwa mshipa huenda ikawa si kweli hata kidogo.

Wenzetu wa gangi la njia watalielewa jambo hili upesi kuliko wasomi. Njia ya reli imeandikiwa uzito wa behewa inaoweza kuchukua. Behewa likipita uzito huo, njia inaharibika, na kila mtu anajua sababu. Lakini mmewahi kuona pia njia inayozama chini ya behewa lenye uzito halali kabisa. Ukifukua unakuta mataruma yameoza, kokoto zimekwisha, na maji yamesimama chini. Mzigo ni ule ule unaopita kwingine salama. Mahali hapa pamedhoofika. Jicho lenye glakoma na presha ya kawaida liko hivyo. Mzigo ni halali, lakini mataruma hayauwezi.

Na huo mstari wa 21, ndugu zangu, haukuandikwa mbinguni. Watu walipima macho ya watu wengi, wakaona wastani uko kwenye 15 au 16, wakapiga hesabu na kuweka mpaka. Jicho la mtu mmoja mmoja halijui habari ya mpaka huo.

Wala jambo hili si jipya. Mwaka 1851 Mjerumani Helmholtz alitangaza chombo cha kutazama nyuma ya jicho la mtu aliye hai. Miaka michache baadaye daktari von Graefe wa Berlin alieleza habari za macho ambayo mshipa wake ulikuwa umebonyea vilevile kama wa glakoma, ingawa ukiligusa jicho kwa kidole hulioni kuwa gumu. Siku hizo presha ilipimwa kwa kidole tu. Wakabishana sana. Baadaye vyombo vya kupimia presha vikaja, watu wakapenda namba, maana namba ni rahisi kuandika kwenye fomu, na lile jicho laini lenye mshipa uliobonyea likawa kama jambo la pembeni.

Wajapani ndio waliolirudisha katikati. Katika mji wa Tajimi walipima watu wa miaka 40 na zaidi, na matokeo yakatolewa mwaka 2004. Katika kila watu 100 waliokutwa na glakoma ya kawaida, ile ambayo njia ya maji inaonekana iko wazi, 92 walikuwa na presha isiyozidi 21. Tafakarini hesabu hiyo. Kama wangepima presha peke yake, watu 92 katika 100 wangerudishwa nyumbani na kuambiwa wako wazima. Katika Afrika hesabu si kubwa namna hiyo, maana kwetu presha ya juu ni ya kawaida zaidi, lakini hata hapa wako wengi ambao siku ya kupimwa wanakutwa na namba nzuri.

Na glakoma kwetu si ugonjwa wa nadra. Jirani zetu wa Tanzania walipima watu 3,268 wa miaka 40 na zaidi katika wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, na mwaka 2000 wakatangaza kwamba zaidi kidogo ya watu 4 katika kila 100 walikuwa nayo. Hao ni wakulima na wafugaji, watu kama wazee wetu wa Runyenjes na Tigania. Pia inajulikana kwamba watu weusi huipata zaidi kuliko Wazungu, tena mapema zaidi, na hupofuka nayo zaidi.

Huenda mtu wa Embu akauliza, mshipa wa jicho utakufaje bila presha? Sisi tunamjibu kwamba Embu ndiyo ingepaswa kutufundisha. Mwezi wa Mei mwaka 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu mjini Embu na katika kaunti nyingine, na baadhi ya waliopona waliamka wakiwa vipofu. Mwezi wa Februari mwaka 2024 mambo kama hayo yakatokea kwa jirani, Kirinyaga. Wale hawakuwa na presha ya macho. Sumu iliua mshipa ule ule tunaouzungumza, kwa siku moja au mbili. Hiyo si glakoma, tusichanganye. Tunaitaja tu ili muone kwamba mshipa una njia zaidi ya moja ya kufa. Na anayeendelea kunywa vitu vya vichochoroni baada ya kuona yale, hatujui tumwambie nini.

Katika glakoma yenye presha ya kawaida, mambo yanayodhaniwa kuudhoofisha mshipa ni kadhaa. La kwanza ni damu kutoufikia vya kutosha. Usiku tukilala, presha ya damu hushuka kwa kila mtu. Kwa wengine hushuka mno, na mshipa unakaa na njaa mpaka asubuhi. Hapa yafaa tuseme wazi, maana tumesikia watu wakichanganya: presha ya damu ni kitu kimoja na presha ya jicho ni kingine. Vidonge vya presha ya damu si tiba ya glakoma. Tena mtu anayemeza vidonge hivyo usiku huenda damu yake ikashuka kupita kiasi wakati wa kulala. Msiache vidonge, mtapata kiharusi. Lakini mwenye glakoma amwambie daktari wake kwamba anameza vidonge vya presha na saa anazomeza, wapange pamoja kama yafaa avimeze asubuhi.

Pia watu wenye kipandauso cha mara kwa mara, wale ambao vidole vyao huwa baridi na kubadilika rangi wakati wa baridi, na wale wanaokoroma hata pumzi ikakatika usingizini, wamekutwa na ugonjwa huu zaidi ya wengine. Wenye macho ya kuona karibu tu, yaani wanaovaa miwani ya kuonea mbali, nao ni vivyo hivyo. Na umri: kila mwaka baada ya 40 unaongeza hatari. Lakini kubwa kuliko yote ni damu ya ukoo. Kama ndugu yako wa tumbo moja anayo, hatari yako ni kubwa mara kadhaa kuliko ya mtu mwingine. Kwetu mzee akipofuka polepole watu husema ni uzee, au amerogwa, na habari inaishia hapo. Yafaa kuuliza: mzee alipofuka na macho meupe, yaani mtoto wa jicho, au alipofuka na macho yanayoonekana safi? Kama yalikuwa safi, watoto wake wote wakapimwe.

Kuna na mambo mawili ya kipimo chenyewe. Presha ya jicho hupanda na kushuka mchana na usiku. Ukipimwa saa nne asubuhi ukapata 16, hiyo ni ya saa nne. Huenda alfajiri ilikuwa 23. Jambo la pili, chombo hubonyeza kioo cha mbele cha jicho, na mtu ambaye kioo chake ni chembamba hutoa namba ndogo kuliko presha aliyo nayo kweli. Watu weusi wengi wana kioo chembamba kuliko Wazungu. Kwa hiyo namba nzuri nyingine ni nzuri ya karatasi tu.

Sasa tuje kwenye kazi. Mwenzetu tuliyemtaja, hatumpi jina, ni mzaliwa wa upande wa Runyenjes, na kazi yake ilikuwa kuunganisha mabehewa kwa mkandarasi mmoja. Kila mwaka alipimwa macho. Alisimamishwa mbali na ubao, akafunika jicho moja, akasoma herufi mpaka mstari wa chini, akaonyeshwa rangi nyekundu na kijani, akagongewa muhuri. Mara moja alipimwa na presha: 17 jicho la kulia, 15 la kushoto. Nzuri. Baada ya miaka kama miwili akaanza kujikwaa kwenye kamba za mabomba ya breki. Wenzake wakamtania kwamba amelewa. Akawa haoni bendera inayotokea upande wa kushoto mpaka ageuze kichwa. Mwishowe behewa lililokuwa likisogea taratibu lilimpita kiganja kimoja tu, naye hakuliona mpaka liko mbele yake. Ndipo akaenda kwa mganga wa macho kwa fedha yake, akatiwa dawa ya kupanua mboni, akatazamwa nyuma ya jicho. Kikombe kilikuwa kimekula karibu mshipa wote wa jicho moja na nusu ya mwingine. Presha yake siku hiyo ilikuwa 16.

Mtauliza, herufi alizisomaje? Alizisoma kwa sababu glakoma kwa kawaida huanza kula pembeni au karibu na katikati, na nukta ile ya katikati kabisa inayosoma herufi huiacha mpaka mwisho. Tena haionyeshi giza. Ubongo hujaza pengo kwa rangi ya mahali palipo jirani, kama fundi wa rangi anayeziba kutu. Na jicho zima hufichia jicho bovu. Hakuna maumivu, hakuna wekundu, hakuna tongo. Mtu hajui mpaka kimepotea kingi.

Kwa sababu hiyo ubao wa herufi, ambao ndio tunaopimwa nao sisi, haukutengenezwa kukamata ugonjwa huu. Hata ule mpango mzuri wa Kaunti ya Meru wa miaka ya karibuni, wa kupima macho vijijini kwa simu yenye alama za E zinazogeuzwageuzwa, unakamata zaidi wanaohitaji miwani na wenye mtoto wa jicho. Hatuulaumu, ni kazi kubwa, na wengi wamepata kuona kwa ajili yake. Lakini mtu asiseme, "Nilipimwa kwa simu nikapita, basi." Na tuseme na aibu yetu pia: watafiti waliofuatilia mpango huo waliona kwamba kiasi cha nusu ya walioelekezwa kwenda kliniki hawakufika, na waliokosa zaidi walikuwa vijana. Watu wa rika letu, wenye shughuli.

Basi la kuomba ni nini? Ukifika kwa mganga wa macho, usiseme, "Nimekuja kupimwa presha." Sema, "Nataka mshipa wa nyuma ya jicho utazamwe." Atakutia dawa ya kupanua mboni, utaona ukungu kwa saa chache, na jua litakusumbua, kwa hiyo usiende siku ya zamu wala usijiendeshee pikipiki kurudi. Akiona kikombe kimepanuka, au macho mawili hayafanani, atakupeleka kwenye mashine ya kupima upana wa kuona. Unatazama nukta moja, taa ndogondogo zinamulika huku na huku, nawe unabonyeza kitufe kila uionapo. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayoonyesha mahali palipokufa. Iko na mashine ya kupiga picha tabaka za nyuzi. Na daktari mzuri, akiona mshipa umekufa na presha iko chini, atauliza pia kama ulipata kupoteza damu nyingi, kama unakunywa, na pengine atataka kichwa kipigwe picha, maana uvimbe ukibana mshipa huweza kuleta sura inayofanana.

Kliniki ya macho iko hospitali kuu ya Embu na hospitali kuu ya Meru. Mambo makubwa zaidi hupelekwa Hospitali ya Kenyatta, au kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA Kikuyu, au hospitali ya macho ya Lions SightFirst, Nairobi. Mjue kwamba NHIF iliondoka Oktoba 2024 na mahali pake pakashikwa na SHA. Asiyejiandikisha ajiandikishe kabla ya kuugua, na aulize mapema kipimo gani kinalipiwa na kipi atatoa mfukoni.

Tiba yake? Hapa wengi hushangaa. Daktari hushusha presha ingawa ni ya kawaida. Mwenzetu alipoambiwa hivyo aliona kama anafanyiwa mzaha: "Mnasema presha yangu ni nzuri, sasa mnaishusha ya nini?" Rudini kwenye njia yetu. Mataruma yakiwa mabovu na huna mapya ya kutia, utafanya nini? Utapunguza mzigo na mwendo. Uzito halali kwa njia nzima si halali kwa kipande hiki. Wamarekani walilipima jambo hilo, na mwaka 1998 wakatoa matokeo. Wagonjwa wa glakoma yenye presha ya kawaida waligawanywa: kundi moja lilishushiwa presha kwa sehemu 30 katika 100, kwa mfano kutoka 17 hadi 12, na jingine likaachwa likitazamwa tu. Walioachwa, 35 katika 100 walizidi kuharibika. Walioshushiwa, 12. Kwa hiyo kushusha kunasaidia, lakini mmeona pia kwamba si wote walioachwa walizidi. Kwa wengine ugonjwa huu huenda polepole sana. Ndiyo maana daktari mwingine atataka kukutazama kwa miezi kadhaa kabla ya kuanza dawa. Si uvivu wake. Ila na wewe urudi siku aliyosema.

Dawa ya kwanza ni matone. Yako ya kutia mara moja usiku, na yako mengine, kama timolol, yanayotiwa asubuhi au mara mbili. Mwenye pumu au moyo unaopiga polepole aseme kabla hajapewa timolol, maana tone dogo la jichoni hufika kifuani na huweza kuziba pumzi. Ukitia tone, fumba jicho na ubonyeze pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili, ili dawa ibaki jichoni. Matone haya hayaongezi kuona, na hapo ndipo watu wanapoyaacha. Unatia mwezi, miezi mitatu, huoni tofauti, fedha inakwisha, unaacha. Tofauti yake ni kile ambacho hukupoteza, na hicho hakionekani.

Kuna pia mwanga wa leza wa kufungua njia ya maji. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilijaribu leza dhidi ya timolol kwa wagonjwa 201 wenye presha ya juu, na matokeo yakatolewa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu katika macho 61 ya kila 100, na timolol katika 31. Kwa mtu wa mshahara wetu, ambaye chupa ya dawa kila mwezi ni vita, hilo ni jambo la kuuliza. Kwa wenye presha ya kawaida leza hushusha kwa kiasi kidogo kuliko kwa wale wa presha ya juu, lakini hutumika. Ikishindikana kuna operesheni.

Na tafadhali, yale matone ya dukani ya kuondoa muwasho na wekundu, msiyatie miezi kwa miezi bila daktari. Mengine yana dawa ya jamii ya steroidi. Kuwasha kunapona kweli, huku presha ikipanda kimyakimya, na watoto wetu wenye macho ya kuwasha ndio wanaoumizwa zaidi.

Sasa lile linaloogopwa. Mtu anajua kwamba akikutwa na glakoma huenda akaondolewa kwenye injini au kwenye kuunganisha mabehewa. Kwa hiyo anaficha. Anakariri herufi za ubao, na tunawajua wanaofanya hivyo. Sisi kama chama hatuwezi kuwatetea katika hilo. Dereva asiyeona pembeni ana watu nyuma yake, na gangi mbele yake. Lakini pia hatukubali mwajiri anayemtoa mtu langoni siku ile ile karatasi ya daktari inapofika, kama alivyofanyiwa mwenzetu. Mwajiri wa namna hiyo ndiye anayewafundisha wengine kuficha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Mtu aliyepoteza sehemu ya kuona bado anaweza kazi ya stoo, ya karakana, ya ofisi, ya kufundisha vijana. Mwenzetu sasa anahesabu vipuri kwa mkandarasi mwingine, na vitabu vyake ni safi kuliko vya aliyemtangulia.

Kwa hiyo kamati inapendekeza mambo haya yapelekwe mezani tukutanapo na waajiri: kila mfanyakazi mwenye miaka 40 na zaidi, na yeyote mwenye ndugu mgonjwa hata kama hajafika miaka hiyo, atazamwe mshipa wa jicho wakati wa kupimwa kila mwaka, si herufi na presha tu, na atakayekutwa na ugonjwa apewe kwanza kazi nyingine isiyo ya hatari kabla ya neno lolote la kumwachisha. Waliopinga katika kamati walisema itagharimu. Itagharimu, ndiyo. Tutaomba hesabu iletwe pamoja na gharama ya ajali moja ya kuunganisha mabehewa.

Wanaotaka kwenda kupimwa pamoja wakati wa likizo ya Desemba waandikishe majina kwa Katibu kabla ya siku ya mshahara: wa Embu upande mmoja wa karatasi, wa Meru upande wa pili. Kila mtu aandike na ndugu zake wa tumbo moja anaotaka kuja nao. Aje na miwani yake kama anayo, vidonge anavyomeza, na mtu wa kumshika mkono kurudi, maana mboni zitakuwa zimepanuliwa.